Shingo Si ya Kuvunjwa: Mwongozo wa Kiharusi cha Vijana kwa Mkazi wa Nairobi

Ukinyolewa Tom Mboya Street, au Kangemi karibu na soko, au kwenye kinyozi cha vioo kule Kilimani, kazi haiishii kwenye mashine. Kuna maji ya moto, kuna taulo, kuna mafuta ya kichwani, halafu kuna swali: "Mkubwa, tukumalizie na masaji?" Ukikubali, vidole vinapita utosini, vinashuka mabegani, na mwishowe viganja viwili vinakushika kidevu na kisogo. Shingo inazungushwa kwa ghafla upande mmoja, kah! Kisha upande wa pili, kah! Wengi hutoka hapo wakijihisi wepesi na kuacha bakshishi. Mwongozo huu unawahusu wachache wasiotoka salama, na kwa kuwa hakuna anayejua mapema kama yumo miongoni mwao, unakuhusu na wewe.

Damu hupanda ubongoni kwa ateri nne kubwa. Mbili ziko mbele, kila moja upande wake wa koo. Ndizo unazozisikia zikidunda ukiweka vidole chini ya taya. Mbili nyingine ziko nyuma, na njia yake ni ya tabu: hupenya katika matundu ya pingili za shingo, kuanzia pingili ya sita hadi ya kwanza, kisha hujikunja chini ya fuvu kabla ya kuingia ndani. Kwenye mikunjo hiyo ndipo shingo ikizungushwa kwa nguvu huzivuta zaidi. Ukuta wa ateri una tabaka tatu. Ule utando wa ndani ukichanika, hata mchaniko mdogo tu, damu hujipenyeza katikati ya tabaka, kama sarafu inayopotelea kwenye bitana ya koti kwa sababu mfuko umetoboka. Ukuta huvimba na kubana njia. Damu huganda pale palipochanika, na bonge likimeguka hupanda na mkondo hadi likwame kwenye mshipa mdogo wa ubongo. Sehemu ile ya ubongo ikikosa damu, huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi.

Sasa shika jambo hili hata ukisahau mengine yote. Mara nyingi ateri kuchanika na kiharusi kutokea ni matukio mawili yenye nafasi katikati. Nafasi hiyo inaweza kuwa dakika chache, saa kadhaa, au siku. Viharusi vingi vya aina hii hutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo. Katika muda huo mwili husema, na husema kwa maumivu. Nairobi muda huo huliwa na Panadol, mafuta ya kuchua, na wakati mwingine safari ya pili kwa yuleyule aliyeizungusha shingo, ili "airudishe mahali pake".

Kiharusi si cha wazee peke yao

Tuwe wakweli kwanza. Viharusi vingi nchini Kenya hutokana na presha ambayo haikutibiwa, na kijana mwenye presha hakingwi na umri wake. Wapo pia vijana wanaopata kiharusi kwa sababu ya moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, au selimundu, au VVU. Ateri kuchanika ni chanzo kimoja tu kati ya vingi. Kwa takwimu za Ulaya na Marekani, ndicho chanzo cha takriban asilimia 2 ya viharusi vyote vya mshipa kuziba. Lakini ukiwatenga walio chini ya miaka 50, sehemu hiyo hupanda sana, hata kufikia mgonjwa mmoja kati ya watano au wanne. Wastani wa umri wa wagonjwa ni miaka 45 hivi.

Nchi hizohizo hugundua watu wawili au watatu kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 katika Kaunti ya Nairobi. Tukikichukua kiwango hicho kilivyo, tunazungumzia watu wapatao 100 kila mwaka katika jiji hili, na hao ni wale tu ambao wangepigwa picha ya shingo. Jiulize ni wangapi hupigwa picha hiyo. Wengine huandikiwa "stroke" au "presha", wakaenda nyumbani na vidonge, na shingo haikuguswa na mashine yoyote.

Shingo huumia wapi

Nianze na kinyozi, kwa kuwa hapo ndipo unapoweza kukataa. Mwaka 2024 magazeti ya India yaliripoti habari za kijana wa miaka 30 katika mji wa Ballari, jimbo la Karnataka, ambaye kinyozi alimkanda kichwa bure kisha akamzungusha shingo. Alisikia maumivu, akaenda nyumbani, na saa chache baadaye akapoteza usemi na upande wake wa kushoto ukalegea. Ateri yake ya shingo ilikuwa imechanika. Yale aliyofanyiwa hayana tofauti na yanayofanywa River Road kila Jumamosi. Wala si lazima mtu mwingine akushike: mwaka 2019, huko Oklahoma, Marekani, kijana wa miaka 28 alipata kiharusi baada ya kuinyoosha shingo yake mwenyewe nyumbani. Kama una mazoea ya kukaa mbele ya kompyuta na kuilazimisha shingo ilie kila baada ya nusu saa, acha. Ule mlio hautibu chochote. Ukichoka, inua mabega, geuza kichwa polepole hadi pale kinapofika chenyewe, kisha rudisha.

Je, shingo kuvunjwa ndiko kunakochana ateri, au mtu alikwenda kuvunjwa shingo kwa sababu tayari ilikuwa inauma kutokana na mchaniko? Wataalamu bado wanabishana. Utafiti mkubwa uliofanywa Ontario, Kanada, na kuchapishwa 2008, uliona kwamba wagonjwa wa kiharusi cha aina hii walikuwa wamemwendea mtaalamu wa kunyoosha mifupa kwa wingi, lakini walikuwa wamemwendea pia daktari wa kawaida kwa wingi uleule. Maana yake huenda wengi walikuwa wakitafuta tiba ya maumivu yaliyokwisha kuanza. Kwako wewe ubishi huo haubadilishi kitu. Kama shingo haiumi, huna sababu ya kuizungusha kwa nguvu. Kama imeanza kuuma juzi, hiyo ndiyo shingo isiyopaswa kabisa kuzungushwa.

Kwa hiyo sema mapema, kabla hujalala kwenye kiti, kwa sababu ukishafunikwa uso kwa taulo la moto hutaona mikono inakwenda wapi. "Dada, kichwa na mabega ni sawa, shingo usiizungushe." Hatakasirika. Akikubembeleza kwamba ameifanya kazi hii miaka mingi, mwambie humshuku yeye, unaiogopa shingo yako. Fiziotherapia ni jambo jingine: mtaalamu wake amesomea kazi hiyo na amesajiliwa na baraza lake la kitaifa, na akiwa mzuri atakuuliza maswali kadhaa kabla hajakugusa. Asipokuuliza lolote, vaa shati uondoke.

Saluni nako kuna kasoro yake. Mwaka 1993 daktari mmoja wa New York, Michael Weintraub, aliandika kuhusu wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele huku shingo imelazwa nyuma kwenye ukingo wa sinki. Hao walikuwa watu wa makamo na wazee, na hatari kwa msichana wa miaka 25 ni ndogo mno. Hata hivyo taulo lililokunjwa chini ya shingo haligharimu kitu. Ukianza kuhisi kizunguzungu au kuona giza pale kwenye sinki, nyanyuka papo hapo hata kama povu bado liko kichwani.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tumelipa jina letu wenyewe: ngeta. Unatembea usiku kwenye daraja la miguu, au umekata kichochoro kuelekea stendi ya matatu, mkono unakuzunguka shingo kutoka nyuma na kukaza hadi unazimia. Ukizinduka, simu haipo na pochi haipo. Watu hushukuru Mungu kwa uhai, wakaenda kituo cha polisi kuandikisha kitambulisho kilichopotea, wakanunua laini mpya, na kesho yake wakaenda kazini. Shingo hawaifikirii tena. Kumbe kukabwa koo ni miongoni mwa njia zinazojulikana vizuri za kuchana ateri za mbele, na mara nyingine ngozi ya nje haina hata alama. Ukipigwa ngeta hadi ukapoteza fahamu, au sauti ikakwaruza, au kumeza kukawa kugumu, au kichwa kikaanza kukugonga upande mmoja, nenda hospitali usiku huohuo na useme waziwazi: "Nimenyongwa." Usiseme tu "nimeibiwa". Daktari hutafuta kulingana na ulichomwambia. Rekodi ya hospitali itakufaa pia polisi wakikupa fomu ya P3.

Kuna ngeta ya nyumbani pia. Mwanamke aliyekabwa na mume au mpenzi wake huficha shingo kwa leso na kuwaambia wenzake kazini kwamba amelala vibaya. Kama ni wewe, hatari iliyo ndani ya shingo ni ileile ya mtu aliyekabwa barabarani, na wanaohudumu kwenye simu ya bure 1195, ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, watakusaidia kupata matibabu bila kukushurutisha uamue mengine usiku huohuo.

Njia zilizobaki nitazipitia haraka. Ajali za boda boda na matatu kufunga breki ghafla hadi kichwa kikarushwa mbele na nyuma. Raga, ndondi, na kuinua vyuma vizito. Kutapika kwa nguvu, kikohozi kikali, hata chafya. Wiki za kwanza baada ya kujifungua. Watu wengine ukuta wa ateri zao ni dhaifu tangu kuzaliwa, na wengi hawajui: warefu mno wenye vidole virefu, au wale ambao viungo vyao hupinda kupita kawaida na ngozi yao huchubuka kwa urahisi. Wenye kipandauso nao hupatikana zaidi miongoni mwa wagonjwa hawa. Na wapo ambao ateri huchanika bila sababu yoyote kuonekana, kwa hiyo usipuuze dalili kwa kuwa tu hukumbuki tukio.

Maumivu usiyoyajua

Kila mtu Nairobi shingo humuuma. Tunainamia simu ndani ya matatu kutoka Kinoo hadi mjini, tunalala kwenye magodoro yaliyochoka. Utayajuaje maumivu ya hatari? Kwanza, ni mapya: hujawahi kuumwa namna hiyo. Pili, mara nyingi ni ya upande mmoja, kutoka shingoni kupanda kisogoni au nyuma ya sikio, au kuja mbele kwenye taya na jicho. Tatu, hayapoi kwa dawa ulizozizoea. Mtu mwenye kipandauso cha miaka mingi atakuambia mwenyewe: "Hiki si kile changu."

Tazama kioo. Kope la jicho moja likiwa limelegea kidogo na mboni ya jicho hilo ikiwa ndogo kuliko ya pili, upande uleule unaouma, ateri ya mbele inaweza kuwa imechanika. Wengine husikia mvumo sikioni unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo, hasa usiku kukiwa kimya. Dalili hizi mbili, hata kama unatembea na unaongea vizuri, ni sababu ya kwenda leo kwenye hospitali yenye mashine ya CT. Usingoje Jumatatu. Usikandwe, usipakwe Robb na kusuguliwa, usinyooshwe.

Ateri za nyuma zina ujanja wake, nazo ndizo huwapoteza hata wahudumu wa afya. Kiharusi chake huenda kisipindishe uso wala kulegeza mkono. Huja kwa kizunguzungu kikali kisichoisha, kutapika, kuona vitu viwili viwili, kuyumba kama mlevi, ganzi ya upande mmoja wa uso, kumeza kwa shida, na mara nyingine kwikwi zisizokoma. Mpeleke mgonjwa wa namna hiyo kwenye kliniki ya mtaani Kawangware, na kuna uwezekano atapimwa malaria na taifodi, apigwe sindano ya kutapika, aambiwe alale. Wahudumu wale hawana ubaya. Wanaona watu wengi wanaotapika, na wengi wao hupona. Ndiyo maana inakubidi wewe utaje shingo. Mfanyie pia jaribio moja rahisi: mwambie akae bila kuegemea, kisha asimame kwa msaada. Kijana ambaye hawezi kukaa wima au kusimama bila kuanguka upande mmoja, asichukuliwe kuwa na ugonjwa wa tumbo.

Na kama ni Ijumaa usiku pale Westlands, mtu wa miaka 30 akianza kuyumba na maneno kumtatiza, soja wa mlangoni na marafiki zake mwenyewe watasema amekunywa. Huenda kweli amekunywa. Muulize mwenzake: alikunywa kiasi gani, na mabadiliko yalikuja polepole au kwa mara moja? Ulevi hupanda kidogo kidogo. Kiharusi huja kwa mkupuo, na mara nyingi huchagua upande mmoja. Mwambie atabasamu, anyooshe mikono yote miwili huku amefumba macho, arudie sentensi fupi. Tabasamu likienda upande, mkono mmoja ukishuka, au sentensi ikivurugika, acha kubishana.

Saa ikianza kuhesabiwa

Kitu cha kwanza ni kutazama saa na kuandika. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Hiyo ndiyo hesabu ya madaktari, wala si saa aliyokutwa. Akilala saa nne usiku akiwa mzima na kuamka saa kumi na moja alfajiri akiwa hawezi kusema, saa yake ni saa nne usiku. Na uandike vizuri. "Saa mbili" ya nyumbani na saa mbili ya kwenye faili la hospitali zinaweza kupishana kwa saa sita, kwa hiyo andika 20:00 na usimwachie mtu nafasi ya kukisia. Sababu ya ukali huu ni kwamba dawa ya kuyeyusha bonge la damu, alteplase au tenecteplase, hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Mchaniko wa ateri shingoni, peke yake, haumnyimi mgonjwa dawa hiyo.

Usimpe aspirini. Dawa hiyo huenda ikaja baadaye hospitalini, lakini viharusi vingine ni vya damu kuvuja, na hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Usimpe kidonge cha presha cha mama yake. Usimpe maji wala chai wala glukosi ya kunywa, kwa sababu koo linaweza kuwa limepooza na chai ikaishia mapafuni. Ule ujumbe wa WhatsApp unaosema umtoboe vidole na masikio kwa sindano, ufute. Akitapika au akisinzia, mlaze kwa ubavu bila kuizungusha shingo yake.

Kuhusu usafiri, boda boda ndiyo ya haraka kwenye foleni ya Waiyaki Way, nami naelewa kishawishi hicho. Lakini mtu asiyeweza kujishika ataanguka, na shingo yenye ateri iliyochanika haihitaji matuta. Piga 1199, simu ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na wakati huohuo tafuta gari. Litakalofika kwanza ndilo mtakalopanda.

Pa kwenda ni swali la kujibu leo, ukiwa mzima na umekaa kwako. Kosa la kawaida katika mitaa ya magharibi ni kuanzia kwenye kliniki ya karibu, kupewa barua, kwenda kwenye hospitali ya pili isiyo na mashine, kupewa barua nyingine, na kufika panapostahili baada ya saa sita. Kutoka mjini kati, hospitali kubwa za Parklands, Aga Khan na MP Shah, ziko upande wa Museum Hill. Kenyatta na Nairobi Hospital ziko upande wa Upper Hill. Anayetoka Kawangware au Dagoretti hufuata Ngong Road kuelekea Upper Hill. Anayetoka Kangemi au Uthiru ana Waiyaki Way, nayo asubuhi huganda kuelekea mjini na jioni huganda kuelekea nyumbani, kwa hiyo kiharusi cha saa moja asubuhi na cha saa moja jioni si safari moja. Barabara ya Expressway inayoishia Westlands haimsaidii sana mtu wa Kangemi kufika Parklands. Humfaa zaidi anayetoka Mlolongo na Mombasa Road.

Chagua mbili, moja ya umma na moja ya binafsi, kisha zipigie simu mchana wa siku ya kawaida na uulize: Mashine ya CT hufanya kazi usiku na Jumapili? Mnaweza kupiga picha ya mishipa ya shingo na kichwa palepale? Mnatoa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au mtanipeleka kwingine? Jibu la tatu likiwa "kwingine", umeshapata jina la hospitali ya kwenda moja kwa moja. Andika majina hayo kwenye karatasi na uyabandike mlangoni, kwa sababu siku hiyo huenda wewe ndiwe usiyeweza kusema.

Mezani kwa muuguzi

Mkifika, usianze na historia ndefu. Sema: "Tunashuku kiharusi. Ana miaka 32. Alikuwa mzima 19:40. Jumamosi alizungushwa shingo kwa kinyozi, na tangu hapo shingo inamuuma upande wa kulia." Maneno hayo machache yana kila kitu. Sentensi ya mwisho ndiyo itakayomfanya daktari aagize zaidi ya picha ya kichwa.

Picha ya kawaida ya CT ya kichwa, ile isiyo na dawa ya rangi, huonyesha kama kuna damu iliyovuja. Katika saa za mwanzo za kiharusi cha kuziba inaweza kutoka safi kabisa, na shingo haimo ndani yake. Kwa hiyo "CT iko sawa" haimalizi habari. Kinachohitajika ni CT ya mishipa, ambapo dawa ya rangi hudungwa mkononi na ateri huonekana kuanzia kifuani hadi ndani ya fuvu, au MRI ya shingo. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile cha kupaka jeli shingoni, kinaweza kukosa mchaniko uliofichwa na mifupa. Una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, mishipa ya shingo imeonekana?" Bonge kubwa likikutwa kwenye mshipa mkuu wa ubongo, kulivuta kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani hufanywa ndani ya saa 6, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu hadi saa 24. Ni hospitali chache zenye uwezo huo, kwa hiyo swali hilo liulizwe mapema.

Na pesa? Oktoba 2015 mgonjwa mmoja aliyegongwa na gari alizungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Watu wengi hapa jijini bado wanakikumbuka kisa hicho, na wengine huogopa kwenda hospitali bila amana mkononi. Jua sheria inavyosema. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inasema hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu hayo imetenda kosa, na faini inaweza kufika shilingi milioni 3. Kuitaja sheria hiyo kwa sauti ya upole mbele ya msimamizi wa zamu husaidia kuliko kupiga kelele getini. Haimaanishi kwamba bili haitakuja. Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisha usajili wako na malipo yako viko sawa, kwa kuwa anayelipia wakati tayari amelazwa hupoteza siku ambazo ndugu zake watazijaza kwa michango.

Miezi inayofuata

Habari njema ni kwamba ateri nyingi zilizochanika hujiponya zenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita. Tiba ya muda huo ni dawa za kuzuia damu isigande: aspirini na jamaa zake, au zile kali zaidi. Utafiti wa Uingereza na Australia uliochapishwa 2015 uliwafuatilia wagonjwa 250 waliogawanywa kati ya aina hizo mbili. Waliopata kiharusi tena katika miezi mitatu walikuwa wanne tu, na hakuna aina iliyothibitika kuishinda nyingine. Kwa hiyo usibishane sana na daktari kuhusu ipi. Bishana na wewe mwenyewe usiache kuimeza ukijisikia umepona. Kama unatumia vidonge vya mpango wa uzazi vyenye estrojeni, mwambie.

Mazoezi ya fiziotherapia yaanze mapema, hata kabla ya kutoka wodini. Kutembea ni ruhusa. Kinachosubiri hadi picha ya pili ya mishipa ionyeshe kupona ni raga, vyuma vizito, michezo ya kugongana, na kazi ya kubeba mizigo kichwani au kwa kamba ya kipaji. Kuendesha gari kusubiri ruhusa ya daktari, hasa kama kuona viwili viwili hakujakwisha. Jiandae kwa uchovu usioeleweka: mtu anayeonekana mzima kabisa anaweza kumalizwa na mkutano wa saa moja, na ofisini watadhani anajivuta. Huzuni nayo huja mara nyingi baada ya kiharusi. Itaje kliniki, kwa sababu ina dawa.

Mwajiri ana wajibu. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, na mikataba mingi huongeza. Ni siku chache mno kwa ugonjwa huu, kwa hiyo barua ya daktari iandikwe mapema na itaje muda unaohitajika. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Cheti chake ndicho hukuwezesha kuomba KRA msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi.

Kabla hujatoka wodini, omba picha zenyewe za CT au MRI kwenye diski au fleshi, pamoja na ripoti yake na muhtasari wa matibabu. Usitegemee hospitali moja kuitumia nyingine picha zako kila utakapozihitaji. Baada ya miezi mitatu daktari atataka kulinganisha ya zamani na mpya, na bila ile ya kwanza hataweza kujua kama mchaniko umeziba au ateri yako ilikuwa nyembamba tangu mwanzo.